Radi na Mnazi wa Kitovu Changu

Jumatano, 1 Februari 1978. Moroni.

Nimeanza daftari hili kwa Kiswahili. Kifaransa Koulthoum, mwenzangu wa kamati, anakisoma vizuri kuliko mimi, na lugha ya nyumbani anaisoma kila mtu. Kiswahili nilifundishwa na baba, aliyefanya kazi Unguja ujanani, na Koulthoum hakijui hata kidogo. Tunalala chumba kimoja, tunatumia ndoo moja na kioo kimoja. Lazima mtu awe na mlango wake.

Leo kamati ya vijana ilitupeleka Ntsoudjini, mimi na yeye, tukawafundishe wananchi kujikinga na radi. Mada niliichagua mwenyewe. Wenzangu walichagua vyoo na malaria.

Nilieleza vizuri. Nilisema radi hupenda kitu kirefu kilichosimama peke yake. Mzee mmoja aliyekaa mbele akauliza kama mnara wa msikiti wao ni mrefu. Nikasema ni mrefu. Akauliza kama umesimama peke yake. Nikasema ndiyo. Akauliza basi kama mimi, binti wa watu, nimetembea kutoka Moroni kuja kuwaambia kwamba Mungu huipiga nyumba yake mwenyewe. Kicheko. Mwanamke mmoja huko nyuma akasema mwacheni mtoto, hiyo ni njaa.

Hapo Koulthoum akainuka. Kwa sauti ya asali akasema alichokusudia dada yake ni hiki tu: ngurumo zikianza ingieni ndani, tokeni chini ya miti, msishike chuma wala maji, kaeni mbali na madirisha, na mlete dua mnazozijua. Wakamshukuru. Wakampa papai. Njiani alinigawia nusu.

Nililila kwa chuki. Lilikuwa tamu.

Ijumaa, 3 Februari.

Ngurumo tangu alasiri. Nimekaa juu ya kitanda, magoti kifuani, nikihesabu kutoka umeme hadi ngurumo. Saba. Tano. Tatu. Koulthoum anashona kitufe.

Niliandike jambo hili mara moja, nisiliandike tena.

Baba yangu, Allaoui, alikuwa karani bandarini Mutsamudu miaka ishirini na miwili. Mwaka jana serikali iliwaachisha kazi makarani wote wa nchi kwa mkupuo mmoja. Baba akachukua jembe la kuazima, akapanda mlimani kulima mihogo kwa mikono iliyozoea kalamu. Tarehe 12 Novemba nilimwandikia barua. Nilikuwa nimetoka katika somo la umeme, kichwa kinachemka. Nikamwambia: Baba, radi hupiga kwanza kitu kirefu. Mvua ikikukuta shambani usibaki wazi, simama chini ya mti mrefu. Utapigwa mti, hutapigwa wewe. Nikapiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili, kwa wino mwekundu.

Tarehe 19, siku chache kabla ya Idi Kubwa, walimkuta chini ya mshelisheli. Jembe lilikuwa pembeni, zima.

Hakuna anayejua habari ya barua ile. Mama hasomi herufi za Kizungu, anasoma za Kiarabu tu.

Sasa mama yuko eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje. Na hatua sita kutoka mlango wa nyumba yake umesimama mnazi mrefu kuliko yote ya mtaa ule. Ni mnazi wangu. Kitovu changu kilipodondoka baba alikizika uani na kupanda mnazi juu yake, kama watu wafanyavyo kwetu. Tuna umri mmoja, miaka kumi na tisa. Mama mdogo Bahiat husema mnazi umenishinda kwa kimo na kwa adabu.

Nimekwisha muua mmoja. Huyu aliyebaki simwachi. Ama mnazi uondoke, ama mama aondoke.

Jumamosi, 4 Februari.

Kusafiri kisiwa hadi kisiwa kunahitaji kibali cha kamati. Mwenye muhuri ni katibu. Katibu ni Koulthoum.

Nilijipanga asubuhi nzima. Nilitunga hoja tatu kuhusu ulinzi wa raia dhidi ya hatari za asili. Nilipofika kwenye hoja ya kwanza akanikata. Akasema mama yako yuko eda peke yake, na wewe umekaa hapa tangu mwaka uanze hukusema neno? Akagonga muhuri. Kisha akatoa chini ya mto wake kipande cha sabuni ya manukato, kile anachokificha tangu Desemba, akasema mpelekee mama yetu.

Mama yetu.

Mtu kama huyu unamchukiaje? Nitapata njia.

Jumatatu, 6 Februari. Mutsamudu.

Boti ilituchezesha njia nzima. Nilitapika upande upepo unakotoka. Shekhe mmoja alibadilisha kanzu.

Bandarini wapakizi walinitambua kabla sijaushika mzigo wangu. Mmoja akasema huyu ni binti Allaoui, ana kichwa kilekile cha kuinama. Wakaniambia kwamba tangu baba aondoke, vijana waliowekwa ofisini huandika marobota ya karafuu katika daftari la abiria. Juzi gunia limepewa tiketi. Walicheka kidogo, wakaacha wote kwa pamoja. Hakuna aliyekubali nibebe mzigo.

Nyumbani mama alikuwa chumba cha kati, amevaa nguo nyeupe, amepungua. Nilimbusu mkono. Akanivuta, akaninusa kichwani kama mtoto mchanga, akasema umekula? Ndilo neno pekee. Mnazi nje ulikuwa unapepesuka kwa upepo. Nilimpa sabuni, nikasema imetoka kwangu.

Usiandike hili, Djaouharia. Nimekwisha liandika.

Jumanne, 7 Februari.

Mpango wa kwanza: kumhamisha mama. Mama mdogo Bahiat, anayekaa na mama siku hizi za eda, ana nyumba ya mawe ndani ya mji wa zamani, kuta za unene wa mkono, imebanwa na nyumba nyingine pande zote. Radi ingehitaji kuuliza njia.

Nilimweleza mama kwa utaratibu. Nilimchorea. Akautazama mchoro muda mrefu, akasema wingu umelichora vizuri. Kisha akasema mume wake alitoka katika nyumba hii kwa miguu na akarudi katika nyumba hii kwa mabega ya watu, naye atamaliza siku zake hapa hapa. Nikamwambia habari ya mnazi. Akasema mti wa kitovu haukatwi mwenyewe akiwa hai. Ukiukata umemwandikia safari.

Nikasema hiyo ni imani tu. Mama mdogo, aliyekuwa anachambua mchele, akasema ni kweli, na hiyo radi ya kwako inayopenda vitu virefu imesomea wapi, shule moja na wewe?

Mama alikuwa amekwisha funga macho.

Alhamisi, 9 Februari.

Mpango wa pili: sheria. Nilikwenda kwa Fundi Idarousse, aliyetufundisha Kurani sote pale mtaani. Nilimuuliza kwa ujumla, bila kutaja jina, kama mwanamke wa eda anaweza kuhama akiwa na hofu ya kweli juu ya nafsi yake. Akasema anaweza. Nyumba ikitaka kuanguka, wezi, moto, sheria haimfungi mtu mahali pa kufia. Nilikaribia kumkumbatia. Akauliza mama yako anaogopa nini? Kumbe ujumla wangu una jina na anwani.

Akasema atakuja aone hatari kwa macho yake.

Alikuja baada ya alasiri. Alisimama uani, akautazama mnazi kutoka chini hadi juu, taratibu, kofia ikamwanguka. Akauliza umepandwa na nani. Mama akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba ulipandwa na marehemu. Fundi akamwombea marehemu. Mama mdogo akamwita mkwezi wa jirani, madafu mawili yakashushwa. Fundi akanywa la kwanza. Akanywa la pili. Akafuta ndevu, akasema haoni hatari yoyote, anaona neema.

Hakimu amemnywa mshtakiwa. Kesi imefungwa.

Jumamosi, 11 Februari.

Mpango wa tatu: kinga ya radi. Kitabu kinasema fimbo ya chuma yenye ncha kali juu ya paa, na waya wa kuiteremsha radi hadi kwenye ardhi yenye unyevu.

Fimbo ya chuma hatuna. Tuna mwamvuli wa baba, mweusi, wa kikarani, ncha yake ndefu. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Siku ile ya mwisho mama alimkimbilia nao hadi njiani na baba akakataa. Alisema atachekwa, mkulima na mwamvuli.

Nilipanda juu ya bati mama akiwa katika sala. Nikaufunga mwamvuli kwenye kipeo cha paa, ncha juu. Waya nilipata kwenye ua uliobomoka. Ardhi ya uani ilikuwa kavu, kwa hiyo nikautia mwisho wa waya katika mtungi, palipokuwa na unyevu wa kutosha. Nilishuka nimechanika sketi na moyo mweupe.

Mama mdogo alipokwenda kuchota alivuta waya. Akauliza hiki ni nini katika maji yetu ya kunywa. Nikamweleza kwamba radi ikipiga itapita pale na kuishia mtungini. Akaniangalia. Akasema kwa upole mkubwa, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, yaani umeipigia radi simu ije kunywa maji jikoni.

Jumapili, 12 Februari.

Mwamvuli umekamatwa.

Jirani aliripoti kwamba nyumba ya karani Allaoui imetia mtambo wa redio juu ya bati. Siku hizi kila redio inasema mamluki watakuja kwa njia ya bahari, na kila mtu anaona mamluki hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akaja Boina, mkuu wa kamati ya mtaa, kijana wa rika langu mwenye skafu shingoni na bunduki isiyo na risasi. Tulisoma naye shule ya msingi. Alikuwa akiniibia kalamu. Sasa ananiita ndugu raia.

Akauliza ninawasiliana na nani. Nikasema na mawingu. Haikusaidia. Akaushusha mwamvuli, akaufungua, akaufunga, akaandika karatasini: kifaa cheusi, kimoja.

Alipokuwa anaondoka akasimama kutazama bahari, akakunja uso. Nikaona anachokiona. Kutoka pale aliposimama, mnazi wangu unaziba nusu ya mlango wa bandari.

Sikuamua kusema. Mdomo ulisema wenyewe. Nilimwambia ndugu Boina, ningekuwa mimi mlinzi wa mtaa huu, ningejiuliza meli ya adui inaweza kujificha nyuma ya nini.

Aliugeukia mnazi kama mtu aliyemkuta mwizi. Akauliza mwenye mti ni nani. Nikasema ni mimi. Akauliza nina kipingamizi. Nikasema maslahi ya umma kwanza.

Keshokutwa watakuja na shoka. Mama atadhani amri imetoka juu. Sitamwambia.

Mpango wa nne, na ndio wenyewe. Mbona moyo unapiga hivi?

Jumanne, 14 Februari.

Walikuja saa tisa, Boina na vijana wanne, na wingu jeusi likashuka nyuma yao kutoka mlimani. Niliwaambia wasubiri mvua ipite. Boina akasema mapinduzi hayasubiri mvua.

Shoka la kwanza. Mama akauliza kutoka chumbani ni mlio gani. Mama mdogo akasema wanapasua kuni jirani. Shoka la pili. Shoka la tatu. Mnazi ulitoa sauti ambayo sijaisikia mti ukitoa.

Mama akatoka.

Alipita mbele yangu, nguo nyeupe, kichwa kitupu, akavuka kizingiti ambacho hakukivuka tangu Novemba. Majirani wote walikuwa mlangoni. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mnazi, akaukumbatia, shavu kwenye gome, pale pale shoka lilipokuwa linaangukia. Boina akalizuia shoka hewani. Akasema shikamoo mama. Ndilo jambo pekee alilokumbuka.

Mvua ikaanguka yote kwa mara moja. Umeme. Nilihesabu: mbili. Vijana wakatupa shoka wakakimbia, Boina mbele, skafu imemfunika uso. Uani akabaki mama yangu peke yake, amelowa, ameushika mti mrefu kuliko yote, katika radi, chuma kiko miguuni pake.

Nimemweka mimi pale. Kumbe nilipanga wiki mbili kumwondoa mama mahali salama na kumpeleka hasa mahali hapo.

Nilisimama mlangoni nikipiga kelele. Nilimtajia kanuni zote. Usishike mti. Ondoka kwenye chuma. Chuchumaa. Hakusikia, au alisikia. Mama mdogo akanisukuma mgongoni, akasema nenda, msomi, huko ndiko masomo yaliko.

Nilikwenda. Sikumbuki hatua zile. Nilimshika mabega, hakuachia. Akaniambia sikioni, kwa utulivu, kwamba baba alichimba shimo hili kwa kijiko cha jikoni kwa sababu hakuwa na jembe na aliona haya kuazima, kwamba aliumia kucha mbili, na kwamba alipomaliza alikaa chini akacheka hadi akalia. Kisha akasema: Djao, aliyewaleta hawa ni wewe?

Nilisema ni mimi.

Akaachia mnazi. Akanishika mkono kama anashika mtoto wa kuvusha barabara, akaniingiza ndani, akanivua nguo za maji, akanifunika.

Jumatano, 15 Februari.

Mtaa mzima unasema mama amevunja eda. Fundi Idarousse ametuma neno kwamba aliyetoka kwa dharura hakuvunja kitu, siku zinaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo sasa anakubali palikuwa na hatari. Nilitaka kwenda kumwambia hivyo. Mama mdogo alisimama mlangoni.

Asubuhi mama alifua kofia ya baba kwa sabuni ya Koulthoum. Kofia moja, sabuni yote. Kisha akaniita.

Akatoa bahasha chini ya mkeka wa kusalia. Alisema hii ililetwa na mtu wa posta baada ya arobaini. Inatoka kwako, inakwenda kwa baba. Hakumpa mtu aisome kwa sababu si yake wala si yao. Lakini usiku amewaza kwamba marehemu hana tena wa kumsomea ila sisi. Nisome.

Bahasha haikuwa imefunguliwa.

Niliigeuza. Mwandiko wangu. Muhuri wa Moroni wa Novemba, muhuri wa Mutsamudu wa Januari. Gundi imeshika kama siku nilipoilamba.

Baba hakuisoma. Barua ilikuwa imelala katika gunia la posta mahali fulani, chini ya mikono ya vijana wa rika langu waliowekwa kazini bila kujua kazi, wakati yeye anapanda mlima. Alisimama chini ya mshelisheli kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Basi. Kama mtu yeyote.

Niliifungua. Mistari miwili myekundu ilinitazama. Mama alikuwa amekaa mkao wa kusikiliza, mikono mapajani, kofia ya baba inakauka gotini.

Nikasoma. Mpendwa baba, sijambo, nakula vizuri. Samahani kwa kuwa sitafika Idi. Mihogo imeota? Usijichoshe. Mikono yako naikumbuka ilivyokuwa inanuka wino. Mnazi wangu nausalimu. Mwanao.

Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililoandikwa pale. Yalikuja tu.

Mama akasema ni nzuri, kwamba baba yako angefurahi. Kisha akasema karatasi ziko mbili, mwanangu, na wewe umesoma moja.

Nikasema ya pili ni ya hesabu za shule.

Nilikwenda jikoni nikakaa mbele ya mafiga yasiyokuwa na sufuria. Mama mdogo akauliza nalilia nini. Nikasema moshi. Akasema kuni hazijawashwa.

Ijumaa, 17 Februari.

Imepiga.

Saa kumi alasiri. Mama alikuwa pale anapokaa kila ngurumo zikianza: chumba cha kati, mbali na dirisha, juu ya mkeka, kioo kimefunikwa kwa kanga, sufuria zote zimewekwa mbali, anasoma dua alizofundishwa na mama yake. Habari ya kioo ni ushirikina mtupu. Nilimwambia. Akaniambia nami nikae.

Nuru nyeupe ilikuja na mlio pamoja, hapakuwa na cha kuhesabu. Nazi zikaanguka juu ya bati kama mawe. Harufu ya kuungua.

Tulipotazama nje, mnazi ulikuwa umesimama na hauna kichwa. Makuti yanafuka katika mvua. Kutoka juu hadi kwenye jeraha la shoka palikuwa na mfereji mweusi. Mnazi ukikatika kichwa hauoti kingine. Hata mimi najua hilo.

Mama hakuutazama tena. Alinigeukia mimi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akashuka mabegani, akashika viganja, akavihesabu vidole vyangu kimoja kimoja, vyote kumi, kama siku nilipozaliwa. Alipomaliza akaanza tena. Kisha akalia. Mama mdogo anasema hakuwahi kulia tangu Novemba, hata siku ya maiti. Alilia hadi magharibi, nami nimekaa hapo, mikono yangu iko mikononi mwake, sina mpango wowote.

Hatukuguswa hata mmoja. Ukuta wa jikoni una ufa. Boina alikuja kutazama, akasema sasa mlango wa bandari unaonekana vizuri, akatafuta pengine pa kutazama. Nilimuuliza mwamvuli. Akasema umepelekwa juu kwa uchunguzi.

Jumamosi, 25 Februari. Moroni.

Nimerudi tangu jana. Koulthoum aliuliza kama mama yetu alipenda sabuni. Nikasema sana. Nikamweleza habari ya kofia. Aligeukia ukutani. Alipogeuka alisema ningeweza kumwambia tu mwanzoni, kuhusu baba na radi, kule Ntsoudjini asingeinuka. Nimeamua kwamba huruma yake hii ni majivuno ya aina fulani.

Lakini leo nimefanya ugunduzi, na roho yangu imetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sokoni nilifungiwa samaki katika ukurasa wa gazeti la zamani la Kifaransa. Pembeni, karibu na tangazo la dawa ya meno, imeandikwa wazi: radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Nilikaa chini pale pale. Nimesoma vitabu vingapi, na jibu liko chini ya samaki.

Miti ni hatari, hilo nimelipa gharama yake. Miti yote, isipokuwa ule uliokwisha pigwa. Katika mji mzima wa Mutsamudu ni mahali pamoja tu ambapo radi imekwisha maliza kazi yake. Baba aliuchimbia shimo kwa kijiko bila kujua anachimba nini.

Nimemwandikia mama, na Bahiat atatafuta mtu wa kumsomea. Nimemwambia eda ikiisha mwezi ujao asijifungie tena chumba cha kati. Ngurumo zikianza achukue mkeka atoke, akakae chini ya mnazi wangu, aegemee shina, pale kitovu kilipo. Hakuna pahali salama zaidi. Nimepiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili. Wino mwekundu ulikuwepo.

Koulthoum aliinua shingo akauliza naandika nini kwa bidii hivyo, na kama ni habari ya radi angependa kuiona kabla haijaenda. Nilifunika karatasi kwa mkono. Akasema basi, lakini nijue posta bado inachukua mwezi na nusu.

Nimekwenda bandarini mwenyewe. Nimempa mpakizi wa boti, mkono kwa mkono, mmoja wa wale waliomjua baba. Ameiweka ndani ya kofia yake, ameapa itakuwa kwa mama keshokutwa.

Safari hii haitachelewa.